Picha Haifiki, SMS ya M-PESA Inafika: Somo la Kurekebisha Meseji za Picha Kwenye Simu Iliyofunguliwa

Leo tunazungumza na wewe unayetumia simu iliyotoka nje. Labda ulinunua simu iliyokwisha tumika Uingereza au Dubai kwenye duka moja hapa mjini Machakos. Labda dada yako anayeishi Marekani alikuja nayo Krismasi akakuachia. Simu ni nzuri, kamera iko sawa, unapiga na kupokea, na M-PESA inaingia bila shida. Lakini ukitumiwa meseji ya picha unaona tu neno la kukuambia upakue. Ukibonyeza, inazunguka, inazunguka, halafu inakataa. Ukituma wewe, unaambiwa haijatumwa.

Utauliza: kampuni ya malipo na mambo ya picha, wapi na wapi? Tuna sababu mbili. Kwanza, shida hii ndogo ndiyo humfanya mtu akabidhi simu yake kwa mtu asiyemjua, laini ikiwa ndani, na wakati mwingine akatoa hata PIN. Pili, siku hizi picha imekuwa lugha ya biashara. Mteja anakuambia, "Nimeshalipa, si nimekutumia picha?" Kama hujui picha hupitia wapi na pesa hupitia wapi, ni rahisi sana kupoteza mzigo wako mchana kweupe.

Kwa hivyo somo la leo lina jambo moja la kukumbuka: picha na pesa hazipiti barabara moja. Ukielewa hilo, utarekebisha barabara ya picha mwenyewe, bila kumfungulia mtu mlango wa pesa.

Barabara mbili ndani ya simu moja

Tuanze na SMS ya kawaida. SMS haihitaji data wala bando. Inabebwa na mtandao uleule unaokuwezesha kupiga simu, na meseji moja hubeba herufi 160. M-PESA ilipoanza Machi 2007, Wakenya wengi walikuwa na simu ndogo za vibonyezo zisizo na intaneti, na SMS ndiyo iliyobeba uthibitisho wa malipo. Mpaka leo ni vivyo hivyo. Data yako ikiisha, ujumbe wa M-PESA bado unafika.

Meseji ya picha, yaani MMS, ina safari ndefu zaidi. Mwenzako akituma picha, haiji kwako moja kwa moja. Inakwenda kwanza kwenye kituo cha mtandao kinachoitwa MMSC. Kituo kinakutumia taarifa fupi kwamba kuna mzigo wako. Halafu simu yako inafungua data, inafuata anwani ya kituo hicho na kuchukua picha.

Ni kama mzigo uliotumwa kwa matatu kutoka Nairobi. Unapigiwa simu unaambiwa kifurushi kimefika ofisini. Kupigiwa simu si kupokea mzigo. Bado unahitaji nauli ya kufika pale, na lazima ujue ofisi iko wapi. Nauli ni data. Anwani ya ofisi ni ile mipangilio inayoitwa APN.

Sasa unaona. Ukiona neno la kupakua kwenye skrini, taarifa imeshafika, kwa hivyo laini yako iko salama. Na kama SMS za M-PESA zinaingia vizuri, simu yako haijaharibika. Shida iko kwenye data au kwenye anwani, na zote mbili unaweza kuzishughulikia ukiwa umekaa nyumbani.

Kwa nini simu iliyofunguliwa ndiyo husumbua

Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao fulani wa nje huja na anwani za mtandao huo. Kuifungua ni kuondoa kufuli tu, ili ikubali laini ya mtandao wowote. Kufuli likitoka, simu haijafundishwa anwani mpya.

Ukiingiza laini, simu husoma nambari mbili za utambulisho. Ya kwanza ni ya nchi: Kenya ni 639. Ya pili ni ya mtandao: Safaricom ni 02, Airtel ni 03, Telkom ni 07. Kisha simu hutafuta nambari hizo kwenye orodha yake ya ndani. Ikizipata, inajipanga yenyewe na hutajua chochote kilitokea. Isipozipata, sehemu hizo hubaki tupu.

Mara nyingi muuzaji hukuwekea anwani ya intaneti peke yake, unaona WhatsApp inafanya kazi, mnafurahi, mnaachana. Sehemu za MMS hazijaguswa. Ndiyo maana unaweza kutazama video bila shida na bado picha moja ya MMS ikakushinda.

Hatua kwa hatua

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Baada ya kila hatua, jaribu kupakua ile picha tena. Usirukie hatua ya mwisho.

*1. Hakikisha ni MMS kweli.* Picha ya WhatsApp si MMS. Hiyo hupitia intaneti ya kawaida, hata kwa Wi-Fi. Kwenye iPhone, picha yenye rangi ya buluu ni iMessage, nayo pia ni ya intaneti. Ya kijani huenda ni MMS. Kwenye Android, programu ya Messages ya Google inaweza kutuma picha kwa njia ya mazungumzo ya intaneti kama nyote wawili mmeiwasha. Kama WhatsApp ndiyo inakataa, shida yako ni data au nafasi kwenye simu, wala si haya tunayoyasema leo.

*2. Washa data, hata kama uko kwenye Wi-Fi.* Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kwa simu nyingi, MMS haipiti kwenye Wi-Fi. Inataka data ya laini yenyewe, kwa sababu kituo cha MMS kiko ndani ya mtandao wa laini yako. Zima Wi-Fi, washa data, jaribu tena. Hakikisha pia una kredo kidogo, kwa maana bando la intaneti si lazima ligharamie MMS.

*3. Kama simu ina laini mbili, angalia ni ipi yenye data.* Picha iliyotumwa kwa laini ya pili hupakuliwa kwa data ya laini hiyo. Kama data imewekwa kwenye laini ya kwanza, simu nyingine hubadilisha zenyewe na nyingine hukwama. Hamisha data kwenye laini iliyopokea taarifa, pakua, kisha irudishe.

*4. Jaza anwani, yaani APN.* Kwa Android, fungua "Settings", kisha "Network & internet", chagua laini yako, halafu "Access Point Names". Kwa Samsung, ingia "Connections", kisha "Mobile networks". Kwa iPhone, ingia "Settings", kisha sehemu ya data ya simu. Kama mtandao wako unaruhusu, utaona ukurasa wenye sehemu ya MMS chini. Hakikisha pia kwamba kwenye mipangilio ya Messages kitufe cha MMS kimewashwa.

Kwa laini ya Safaricom, jaza hivi:

- Jina: Safaricom
- APN: safaricom
- Jina la mtumiaji: saf
- Nenosiri: data
- MMSC: http://mms.gprs.safaricom.com
- Proksi ya MMS: 172.22.2.38
- Poti ya MMS: 8080
- MCC: 639
- MNC: 02
- Aina ya APN: default,supl,mms

Andika kwa herufi ndogo pale zilipo ndogo, na usiache nafasi mahali pasipo na nafasi. Sehemu nyingine zozote ziache kama zilivyo. Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha ya ukurasa ulivyokuwa, ili ukikosea urudishe. Ukimaliza, hifadhi, chagua APN hiyo mpya kwa kubonyeza kiduara chake, zima simu na kuiwasha. Hatua hii ya kuzima na kuwasha si ya mapambo. Simu nyingi hazisomi anwani mpya mpaka ziwashwe upya.

Angalia vizuri lile neno "mms" kwenye mstari wa aina ya APN. Hilo moja tu likikosekana, simu haitajua kwamba anwani hii inafaa kwa picha, hata kama mengine yote ni sahihi.

Kama unatumia Airtel au Telkom, usijaze anwani za Safaricom. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako uombe mipangilio ya intaneti na ya MMS. Waambie modeli ya simu yako.

*5. Punguza ukubwa wa picha.* Kamera ya simu ya leo hutoa picha ya MB 3 au zaidi. MMS iliundwa enzi za picha ndogo, na kikomo chake mara nyingi ni kati ya KB 300 na MB 1. Yaani picha yako inaweza kuwa kubwa mara kumi kuliko mlango. Simu nyingi hubana picha zenyewe, lakini si zote. Kata pembeni, au fungua picha, ipige skrinishoti, na utume hiyo. Video iache kabisa. Tafuta njia nyingine.

*6. Angalia kama ni SMS iliyogeuka MMS.* Hii huwatesa sana viongozi wa vyama. Chukua mfano wa mweka hazina wa chama cha akina mama huko Kathiani. Ana wanachama 25 na anataka kuwakumbusha kwamba mchango ni Ijumaa. Anaandika meseji moja, anachagua majina yote 25, anatuma. Hajaweka picha yoyote. Lakini simu yake imepangwa kutuma meseji za kikundi kama MMS, kwa hivyo wale wenye simu ndogo au wenye data iliyozimwa hawapati kitu. Ijumaa inafika, nusu ya wanachama hawajachanga, wanatozwa faini, na ugomvi unaanza. Kumbe kosa ni kitufe kimoja.

Dawa yake: kwenye programu ya Messages, ingia mipangilio, tafuta sehemu ya meseji za kikundi, na uchague kila mtu apokee SMS yake peke yake. Pia usiandike kichwa cha habari kwenye meseji, maana hicho nacho huigeuza kuwa MMS. Na punguza emoji. Ukiweka emoji moja tu, nafasi ya SMS inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, meseji inakatwa vipande vingi, na simu nyingine huamua kuifanya MMS.

*7. Kama picha inatoka au inakwenda nje ya nchi.* Marekani, kutuma picha kwa meseji ya kawaida ni jambo la kila siku. Ndugu yako kule Texas anabonyeza tu na kutuma. Lakini MMS kuvuka mpaka hutegemea makubaliano kati ya mtandao wake na wako, na ikikosa kufika, hakuna mpangilio wowote kwenye simu yako utakaoileta. Mchongaji wa vinyago kule Wamunyu anayemtumia mnunuzi wa nje picha za kazi yake asiendelee kubahatisha na MMS. Atumie WhatsApp au baruapepe. Picha itafika ikiwa safi zaidi, tena kwa gharama ndogo. Na namba zihifadhiwe zikianza na +254 kwa Kenya au +1 kwa Marekani.

Wenye iPhone, kuna jambo moja dogo hapa. Ukiingiza laini mpya, iPhone hutuma SMS ya kimyakimya kwenda namba ya nje ili kuwasha iMessage, na mtandao unaweza kukukata kredo kama SMS ya kimataifa. Ukiona kredo imepungua siku hiyo, usifikiri umeibiwa.

*8. Weka upya mipangilio ya mtandao peke yake.* Kama yote yamekataa, tafuta chaguo la kuweka upya mipangilio ya mtandao. Hili litafuta nywila za Wi-Fi na vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha. Halifuti picha, halifuti majina, na haligusi pesa zako, maana pesa za M-PESA hazikai kwenye simu. Ila soma vizuri kabla ya kubonyeza. Lile chaguo la kufuta simu yote ni jingine kabisa. Baada ya hapo, jaza APN tena.

*9. Piga simu kwa mtandao wako.* Kwa wateja wa malipo ya kabla wa Safaricom na Airtel, namba ni 100. Waulize kama huduma ya MMS iko wazi kwenye laini yako, na kama kuna mipangilio yoyote iliyobadilika.

Kufunguliwa kuko kwa namna mbili

Kabla hatujaingia upande wa pesa, jua kwanza simu yako ilifunguliwa vipi. Namna ya kwanza ni kufunguliwa kabisa: kampuni iliyoiuza iliondoa kufuli, na limeondoka kwa ukweli. Kwenye iPhone, ingia "Settings", "General", kisha "About", utafute mstari wa "Carrier Lock". Ukisoma "No SIM restrictions", uko sawa.

Namna ya pili ni ya ujanja. Simu bado imefungwa, lakini kuna chipu nyembamba kama karatasi imewekwa pamoja na laini yako kwenye kile kisahani chake. Chipu hiyo inaidanganya simu kwamba laini ni ya mtandao wa nje. Simu za namna hii huuzwa kwa bei ya chini. Ukisasisha programu au kuweka upya simu, inaweza kujifunga tena ukabaki na kioo cha kujitazamia. Na kwa kuwa simu inafikiri iko kwenye mtandao mwingine, anwani za MMS hukataa kukaa.

Kwa upande wa pesa, chipu hiyo ina jambo jingine la kutafakari. Mwaka 2014 kulikuwa na mjadala mkubwa hapa nchini kuhusu laini nyembamba iliyokusudiwa kubandikwa juu ya laini ya kawaida kwa huduma za benki. Swali lilikuwa hili: je, kitu kinachokaa katikati ya laini na simu kinaweza kuona PIN inayopita? Mamlaka ya Mawasiliano ilipitia hoja hiyo ya usalama kisha ikaruhusu huduma ianze kwa majaribio. Hiyo ilikuwa bidhaa yenye mwenyewe, iliyopita mbele ya mdhibiti. Ile chipu ya dukani hujui imetoka wapi wala nani ameikagua. Ushauri wetu ni mfupi: toa kisahani cha laini uangalie. Ukikuta kuna kitu kimebandikwa hapo, usifanyie simu hiyo shughuli za pesa.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mafundi wetu wengi ni waaminifu na kazi wanaijua. Lakini hata fundi mwaminifu hahitaji kuona pesa zako ili aweke APN. Kwa hivyo:

- Kazi ya APN huchukua dakika chache. Ifanywe ukiwa umesimama hapo hapo. Usiache simu urudi jioni.
- Kama ni lazima uiache, toa laini yako uondoke nayo. Ukiirudia simu, utaingiza laini na kujaribu mwenyewe.
- Usitoe PIN ya M-PESA kwa sababu yoyote. Hakuna mpangilio wa picha, wa intaneti wala wa sauti unaohitaji PIN hiyo. Mtu akiiomba "ili ajaribu kama network imeshika", chukua simu yako uondoke.
- Usikubali kupiga namba za nyota na reli ambazo hujui zinafanya nini.

Ukirudishiwa simu, piga *334# uone kama menyu ya M-PESA inafunguka, kisha angalia salio. Kwenye baadhi ya simu kutoka nje, menyu ya laini haionekani kabisa. Hilo si wizi, tumia *334# au programu ya M-PESA.

Picha si pesa

Sasa turudi sokoni. Ni siku ya soko, Marikiti imejaa, una magunia ya embe na watu watano wamesimama mbele yako. Mmoja anakuonyesha skrinishoti: jina lako liko, kiasi ni sawa, saa ni ya sasa hivi, hata nambari ya muamala ipo. Anasema, "Mama, network yako ndiyo iko chini, picha hii si unaiona?" Au amekutumia picha yenyewe kwa meseji.

Kumbuka zile barabara mbili. Uthibitisho wa kweli huja kwa SMS, na SMS haihitaji data. Hauji kama picha. Mtumaji wake huandikwa MPESA, wala si namba ya simu ya tarakimu kumi. Picha inaweza kutengenezwa kwa dakika tano na mtu yeyote mwenye programu ya kuhariri.

Kwa hivyo, kama picha imefika lakini SMS haijafika, hujalipwa bado. Usiseme na skrini ya mtu. Sema na salio lako. Piga *334# uangalie, au fungua programu ya M-PESA utazame miamala. Kama mtandao kweli uko chini, mwambie mteja kwa upole, "Ngoja kidogo iingie, mzigo wako nimekuwekea kando." Mteja aliyelipa kwa ukweli atangoja. Asiyelipa atakuwa na haraka ya ajabu.

Na upande wa pili: kama SMS imefika na salio limepanda, lakini picha ya risiti aliyokutumia imekataa kufunguka, usimsumbue mtu wa watu. Pesa imeingia. Mpe mzigo wake.

Ukipata meseji ya ulaghai, sambaza namba ya mlaghai kwa 333, bila malipo kwa wateja wa Safaricom. Mtu akikupigia akisema anatoka Safaricom, kumbuka kwamba kampuni hiyo husema huwapigia wateja wake kutoka 0722 000 000 pekee.

Wewe nawe ukitaka kumtumia mtu picha ya malipo uliyofanya, kata kwanza ule mstari unaoonyesha salio lako lililobaki. Ni siri yako.

Ukimaliza, zima upakuaji wa wenyewe

Umefaulu, picha zinaingia. Hongera! Sasa fanya jambo moja la mwisho. Kwenye mipangilio ya Messages, tafuta chaguo la kupakua MMS zenyewe, ulizime. Kuanzia hapo, picha itangoja mpaka wewe ubonyeze.

Kwa nini? Julai 2015, kampuni ya usalama ya Zimperium ilitangaza dosari iliyogunduliwa na mtafiti wake, Joshua Drake, iliyopewa jina Stagefright. Kwenye simu za Android kuanzia toleo la 2.2, MMS iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumpa mhalifu njia ya kuingia ndani ya simu bila mwenyewe kufungua chochote, kwa sababu tu simu ilipakua yenyewe. Google ilitoa marekebisho, na tangu Agosti mwaka huo ikaanza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Lakini simu ya zamani kutoka nje inaweza kuwa haipati tena masasisho hayo. Ingia kwenye ukurasa wa kuhusu simu, uangalie tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama ni ya miaka mingi iliyopita, simu hiyo iache iwe ya picha na muziki. Laini yenye pesa iweke kwenye simu nyingine, hata kama ni ile ndogo ya vibonyezo.

Kwa kifupi

Data iwe imewashwa, si Wi-Fi pekee. APN iwe kamili, na neno "mms" ndani yake. Picha iwe ndogo. Meseji za kikundi ziende kama SMS. Laini isibaki kwa fundi, na PIN isitoke mdomoni. Na mzigo usitoke dukani mpaka salio lako mwenyewe liseme ndiyo.

Mwonyeshe jirani yako wa kibanda cha pili somo hili kabla ya siku ya soko. Kama una swali, tuandikie kwenye huduma kwa wateja ukitaja modeli ya simu na mtandao wako, nasi tutakusaidia. PIN yako hatutaiomba.